Waliokulia stesheni ya Mombo na kandokando ya reli ya Tanga, tukutane hapa

Mtoto wa Pointi:

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu, shikamooni.

Juzi nilikuwa natoka Arusha kwa basi. Tulipofika Mombo kondakta akatangaza dakika ishirini za kula na kuchimba dawa. Wenzangu wakakimbilia chipsi. Mimi miguu ikanipeleka stesheni, nikarudi kwenye basi na njaa yangu vilevile.

Nimekulia pale. Marehemu baba alikuwa wa pointi, yule anayegeuza njia ili treni zipishane. Tulikaa kota za reli mpaka mwaka niliokuwa darasa la sita, 1981. Jengo la stesheni bado lipo. Kilichonimaliza ni vile vilivyokuwa vikilizunguka. Tangi la maji ya injini za mvuke sikuliona. Bohari la mizigo, lile ambalo ukipita mlangoni unanusa karoti, mkonge na mafuta ya taa kwa mpigo mmoja, sikuliona. Bustani ya stesheni masta, yenye mawe ya chokaa ambayo mtoto akiyakanyaga anafukuzwa hadi kwao, imeota mbigili. Kota ndiyo zilinichanganya kabisa. Nilisimama nilipodhani palikuwa na mlango wetu, nikajikuta katikati ya mahindi.

Nyumbani hatukuwa na saa. Kile kipande cha reli kilichoning'inizwa stesheni kama kengele kikigongwa kwamba treni ya kushuka imeshatoka Mazinde, mama anaipua maharage. Treni ikichelewa, maharage yanaungua. Nimekula maharage ya kuungua mengi sana utotoni.

Sasa naomba waliokuwepo wanisaidie jambo moja. Kota zilikuwa upande upi hasa: juu ya reli, yaani upande wa mlimani, au chini? Dada yangu mkubwa anasema chini. Mimi naapa juu.

---

Kiberenge:

Mgosi, umenirudisha mbali. Kota zilikuwa juu, upande wa mlimani, mlango wa mbele unaangalia reli. Usibishane na dada, mpeleke akapimwe macho.

Mimi baba yangu hakuwa wa reli, alikuwa fundi cherehani karibu na maduka ya Wahindi. Ila ndoto yangu ilikuwa kupanda kile kiberenge cha mkaguzi, kigari kidogo cha relini. Kinakuja kinalia tatata, kina watu wanne wamevaa kofia, kinapita kama kina haraka ya msiba. Nilipanda mara moja tu, nilipovunjika mkono, nikapelekwa nacho Korogwe. Mkono uliuma, lakini nilikuwa nacheka njia nzima.

---

Mpenda Ramani:

Kwa vijana wanaopita hapa wakidhani Mombo ni ya chipsi za abiria wa basi, ngoja niweke mambo mawili matatu.

Wajerumani walianza kujenga reli hii Tanga mwaka 1893, ikiwa ya kwanza katika koloni lao hili. Walikwenda kwa kusuasua. Muheza, kilomita kama 40 tu, walifika 1896. Kampuni iliyokuwa ikijenga ikaishiwa, serikali ya kikoloni ikaichukua kazi mwaka 1899. Korogwe wakafika 1902, Mombo 1905. Piga hesabu: kilomita 129, miaka kumi na miwili. Ukiitembea kwa miguu, hata ukilala kila kijiji kwa mashemeji, ni wiki moja.

Halafu, na hili ndilo la kushika, reli ikagota pale. Kwa miaka kadhaa Mombo ndiyo ilikuwa mwisho wa reli. Kila mzigo wa kwenda Pare na Kilimanjaro uliteremshwa pale. Kila mzungu wa kwenda Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal, alishuka pale akapandishwa mlimani kupitia Soni. Gavana mwenyewe alikuwa akikimbilia huko juu msimu wa joto la Dar es Salaam. Moshi ilifikiwa 1911, kilomita 352 kutoka Tanga, na Arusha ikangoja hadi 1929, enzi za Mwingereza.

Kwa hiyo tusiseme Mombo ilikuwa kituo cha njiani. Ilianza kama mwisho wa safari, ndiyo maana ilikuwa na maghala na maduka mengi kuliko ukubwa wake.

---

Shume Kwetu:

Mpenda Ramani umesahau ya Mkumbara, stesheni ya mbele baada ya Mazinde. Pale palikuwa na waya wa mbao. Wajerumani walivuta waya kutoka Shume, huko juu msituni, hadi Mkumbara relini, kilomita kama tisa, tofauti ya kimo karibu mita 1,500. Uliwekwa kwenye mwaka 1910 hivi. Magogo ya mwangati yananing'inia hewani, yanashuka genge lile refu hadi chini kwenye joto, yanapakiwa kwenye treni, Tanga, meli, Ulaya.

Babu hakuuona ukifanya kazi, baba yake ndiye aliyeuona. Neno lililobaki kwenye ukoo wetu ni kwamba mtu akiwa mvivu wa kutembea anaambiwa, "Wewe unangoja waya." Nimekua nalitumia bila kujua waya wenyewe ni upi.

---

Segera Kona:

Huu uzi ni wa Mombo au wa Shume? Tuulize kwanza tangi la maji limekwenda wapi. Mimi nasema vyuma chakavu. Kuna miaka watu walikuwa wanang'oa hata mataruma usiku.

---

Bibi Mapeasi:

Onga mshi, wanangu. Mjukuu ndiye anayeniandikia, mkiona makosa ni yake.

Mimi ni wa Soni. Nimeuza stesheni ya Mombo tangu msichana hadi nilipokuwa na watoto wanne. Tulikuwa tunashuka alfajiri na matenga kichwani kwa njia za mkato, barabara ya gari tunaikata tu hapa na pale. Ukitoka Soni umejifunika shuka mbili kwa baridi, ukifika Mombo huzitaki tena. Msimu wa mapeasi, mapeasi. Msimu wa fyulisi, fyulisi. Karoti na kabichi zilikuwa za wanaume wenye magunia, waliongea na bohari, wakaandikiwa karatasi, mzigo ukaenda Tanga. Sisi wanawake biashara yetu ilikuwa dirishani.

Biashara ya dirishani ina sheria zake. Daraja la tatu unakwenda kwanza, ndiko kuna wanunuzi wengi. Daraja la kwanza unakwenda mwisho, wananunua kidogo lakini hawaombi kupunguziwa. Tunda halitangulii pesa. Lakini injini ikishapiga honi, mtu ameshika noti yake na wewe umeshika tunda lako, mnaangaliana, nani aanze? Hapo ndipo tulipoibiwa na ndipo tulipoibia. Kuna mtu wa Same ana mapeasi yangu ya shilingi tano mpaka leo. Na kuna mama mmoja nilimpa kikapu, treni ikaondoka, nikajua basi imekula kwangu. Wiki iliyofuata nikaitwa na mtu wa gadi, ananipa pesa imefungwa kwenye kitambaa, "Yule mama wa Korogwe amekutumia."

Mwanangu Mtoto wa Pointi, mwarobaini uliokuwa ng'ambo ya bohari hujausema. Chini yake ndipo tulipokuwa tunangoja. Watoto wetu walilala pale juu ya magunia. Umekatwa?

Kota zilikuwa juu. Lakini na chini nako kulikuwa na watu.

---

Mtoto wa Pointi:

Bibi, shikamoo. Mwarobaini upo! Nilikaa chini yake hizo dakika zangu za mwisho, sikukumbuka kuutaja. Pana bodaboda watatu wanangoja abiria wa basi.

"Chini nako kulikuwa na watu" ni akina nani hao, bibi?

---

Mpare wa Lembeni:

Sisi wa huku Upareni reli ilikuwa na jambo lake jingine: Kahe. Ukifika Kahe njia inagawanyika, moja Moshi, nyingine Taveta hadi Voi, unaunganisha Mombasa au Nairobi. Kipande kile cha Voi ni reli ya vita, Waingereza waliijenga mbiombio mwaka 1915 na 1916 wakimfuata Mjerumani. Shangazi zangu walikuwa wanakwenda Voi kwenye harusi na kurudi bila kuona kama wamevuka nchi.

Februari 1977 mpaka ukafungwa, Jumuiya ikafa mwaka huohuo. Mabehewa yaliyoandikwa EAR, yaani Reli ya Afrika Mashariki, yakapakwa rangi, yakaandikwa TRC, Shirika la Reli Tanzania, na ukikaribia unaona herufi za zamani zinachungulia kwa chini. Hata mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, harusi za Voi hazikurudi.

---

Mhandeni:

Nami nitie la Handeni. Wakati wa vita hiyohiyo, kabla Waingereza hawajaiteka Mombo Juni 1916, Mjerumani alikuwa ameshalaza njia ndogo ya tololi kutoka Mombo hadi Handeni ili kupeleka mizigo ya jeshi kusini. Tololi zenyewe zilisukumwa na watu, si injini. Ukiwauliza wazee wa kwetu ilipita wapi, kila mmoja anakuonyesha shamba la jirani yake. Hakuna anayetaka iwe imepita kwake, labda anaogopa atawekewa X nyekundu ya kubomolewa.

---

Segera Kona:

Hahaha! X nyekundu ni noma, mkuu. Mjomba wangu alipoiona ukutani kwake aliipaka chokaa usiku huohuo. Asubuhi ikarudi, kubwa zaidi.

---

Mwana wa Manamba:

Mnasimulia matunda na harusi. Wengine tuliletwa na reli ile kama mzigo.

Babu yangu alitoka Kigoma. Wakulima wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, ikiitwa SILABU, inakwenda kuwachukua watu mbali: Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mtu anapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Babu alisema hakuwahi kuona treni maishani. Aliambiwa apande, akadhani ni nyumba. Alipoona miti inakimbia akashika ukuta. Alishuka na blanketi moja na kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi ambayo inaweza kukuchukua miezi miwili kuijaza, maana siku uliyougua haihesabiwi.

Miaka ile mkonge ulikuwa mkonge kweli. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 230,000, na sehemu kubwa ilipita kwenye reli ya Tanga. Mashamba yalikuwa na vireli vyao vyembamba, tololi zinatoka shambani hadi korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, na singa, yaani nyuzi zake, zikishafungwa marobota zinakwenda stesheni. Kisha zikaja kamba za plastiki, mashamba yakabadilisha wenyewe, na mwishoni mwa miaka ya tisini uzalishaji ulikuwa umebaki kama sehemu ya kumi tu. Mnauliza kwa nini treni iliacha kuja. Treni ilikuwa inakuja kufuata nini?

Babu hakurudi Kigoma. Alizikwa huku. Kaburi lake liko katikati ya mkonge ambao hakuna anayeukata.

---

Kiberenge:

Pole sana, ndugu yangu.

Ila barabara nayo iliua. Lami ya Chalinze hadi Moshi ilipotulia, basi likawa linatoka Dar asubuhi, jioni watu wako Moshi wanakula ndizi. Treni ya abiria nayo ilizidi kuchelewa. Nakumbuka mara ya mwisho nilipoipanda, tulilala Mnyuzi usiku kucha, na hakuna aliyetuambia tunangoja nini. Miaka ya tisini ikiwa katikati, haikuja tena. Hakuna aliyetangaza. Tulingoja wiki, tukangoja mwezi, mwisho kina mama wakahamishia matenga barabarani.

---

Muheza Moja:

Kuna mtu huko Muheza bado anaikuta stesheni yake nzima. Reli ndogo ya Tengeni hadi Sigi, ile ya kuteremsha mbao za Amani, ilikamilika 1910 na imekufa zamani sana, hakuna hata taruma moja. Lakini ile nyumba ya stesheni masta ya Sigi imekarabatiwa, wageni wanaoingia msitu wa Amani wanapokelewa humo. Stesheni bila reli. Nyinyi Mombo mna reli bila stesheni. Tubadilishane?

---

Wa Gengi:

Nimeusoma uzi wote nikingoja nani atatutaja. Bibi Mapeasi peke yake ndiye aliyejaribu.

Chini ya reli, upande wa mashamba, kulikuwa na kota za gengi, wale wafanyakazi wa kutunza njia ya reli. Chumba kimoja, mlango mmoja, choo cha pamoja mwisho wa safu. Nyinyi wa kota za juu mlikuwa na veranda na bomba. Sisi tulikuwa tunachota kisimani. Nyinyi mkikumbuka kengele, mimi nakumbuka nyundo. Baba anatoka kabla ya jua kuchomoza, spana ndefu begani, anatembea kilomita zake anaangalia kila bolti. Akikuta reli imepinda kwa joto, au mvua imekula kokoto, anakimbia kuonya. Ana bendera nyekundu na vile vidude vya baruti vya kubandika juu ya reli, treni ikivikanyaga vinalipuka, dereva anajua mbele si salama. Sisi watoto tulikatazwa hata kuvitazama.

Treni ilikuwa ikipita mnapunga mikono. Sisi tukiwa na baba njiani tunasimama pembeni, tunageuza uso, maana mabehewa yalikuwa hayana choo cha kuhifadhi. Hilo nalo liandikwe kwenye kumbukumbu zenu za mapeasi.

Mtoto wa Pointi, nakukumbuka. Mlikuwa na mbwa mweupe. Mliwahi kutuzuia kuchota maji kwenye bomba la juu, mkasema ni la wafanyakazi.

---

Mtoto wa Pointi:

Nimekaa na ujumbe huu tangu jana.

Mbwa mweupe alikuwa wetu. La bomba silikumbuka, lakini sitasema halikutokea.

Nimempigia dada, nikamsomea ulichoandika. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia jambo ambalo nyumbani halikuwahi kusemwa. Baba hakuanzia kwenye pointi. Alianzia gengi. Dada amezaliwa kota za chini, amekaa huko mpaka ana miaka saba. Mimi nilizaliwa baba akiwa ameshapandishwa, tumeshahamia juu. Mama hakupenda tusimuliwe. Kwa hiyo dada macho yake ni mazima, Kiberenge, usimpeleke popote.

Anakumbuka kisima. Anasema kilikuwa na ukingo wa saruji wenye alama ya mguu wa mtoto, mtu alikanyaga kabla haijakauka.

---

Wa Gengi:

Alama ipo. Kisima kimefukiwa, ukingo umebaki. Sakafu za vyumba nazo zipo, wanaanikia mpunga.

Ule mguu tulikuwa tunaambiwa ni wa msichana wa watu waliohamia juu.

---

Bibi Mapeasi:

Mjukuu amenisomea. Ninamfahamu mama yenu huyo. Alikuwa ananunua karoti zilizovunjika.

---

Chalii wa Juzi:

Wakubwa, shikamooni. Mimi wa 1998, naingia kwa unyenyekevu.

Treni ya Dar hadi Moshi iliporudi Desemba 2019 niliipanda na mama mkubwa kwenda Krismasi. Behewa lilikuwa limejaa wazee wanaonyoosheana vidole gizani: hapa palikuwa na hiki, hapa palikuwa na kile. Nje hakuna kinachoonekana, ni kiza tupu, lakini wao wanaona. Mama mkubwa akaniambia tukifika Mombo nimwamshe anunue mapeasi. Nikalala. Naye akalala. Tumeamkia Same.

Mwaka uliofuata ikafika hadi Arusha. Nasikia bado inapita Mombo usiku.

---

Kiberenge:

Usiku wa manane nani atauza mapeasi, kijana?

---

Mtoto wa Pointi:

Wa Gengi, bado uko Mombo?

---

Wa Gengi:

Nipo. Sijawahi kutoka.

---

Mtoto wa Pointi:

Desemba nakuja na dada. Anataka kuuona ule ukingo. Tukubaliane siku, nisije na basi la dakika ishirini.

---

Wa Gengi:

Njooni na treni basi. Itawashusha usiku, nitasimama upande wa chini na tochi. Dada yako mwambie asivae viatu vya mjini, pana mbigili.